Brashi ya kublendi aishedo: manyoya, bei na ngozi yetu

Anayeshuka kituo cha Seven Sisters, Tottenham, London, akafuata West Green Road kuelekea magharibi, hupita maduka ya nywele na vipodozi vya Waafrika na Wakaribi moja baada ya jingine. Brashi za macho zimetundikwa humo za kila namna: za rejareja kwa bei ya chini kabisa, seti nzima ndani ya mkoba wenye zipu, na nyingine zenye majina ya kampuni kubwa. Katika maduka kama Boots na Superdrug kuna safu nyingine tena, na kwenye kaunta za kampuni za wapambaji brashi moja tu huvuka pauni 20. Zote zinadai kufanya kazi moja: kublendi, yaani kuitawanya aishedo juu ya jicho mpaka isionekane ilipoanzia wala ilipoishia.

Hapo ndipo wanunuzi wanapochanganyikiwa. Yupo anayeapa kwamba bila nywele za mbuzi rangi haitawanyiki. Yupo anayesema nywele za mnyama hazifai, ama kwa sababu ya tohara, ama kwa kumhurumia mnyama. Wa tatu anasema brashi si hoja, hoja ni mkono. Wa nne anashauri seti nzima inunuliwe, kwa kuwa kila brashi ina kazi yake. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na anayesikiliza wote wanne bila kupima hutoka dukani na kitu ambacho hakitamsaidia. Uchambuzi huu unazipanga hoja hizo, unaonyesha nguvu na udhaifu wa kila moja, kisha unaeleza lipi litangulie, hasa kwa mwenye ngozi nyeusi ya maji ya kunde au nyeusi tii, ambaye mafunzo mengi hayakumlenga.

Mkanganyiko umetoka wapi

Pambo la jicho katika mwambao wa Afrika Mashariki kwa karne nyingi limekuwa wanja, unaopakwa kwa kijiti. Wanja ni mstari, na mstari hauhitaji kutawanywa. Uzuri wake ni ukali wa ukingo wake. Aishedo ya poda ni kinyume chake. Uzuri wake ni ukingo uliopotea. Kwa hiyo ujuzi wa somo aliyempamba bibi harusi kwa wanja na hina haukuweza kuhamishwa moja kwa moja kwenye brashi. Ujuzi wa kublendi ulifika kutoka nje, na ulifika kwa njia mbili zisizopatana.

Njia ya kwanza ni ya wapambaji wa studio. Kampuni ya MAC, iliyoanzishwa Toronto mwaka 1984 na Frank Toskan na Frank Angelo, iliwatengenezea wapambaji na wapiga picha vifaa ambavyo baadaye vilienda kwa watu wote. Brashi yake namba 217, yenye manyoya meupe ya mbuzi na kichwa cha duara kilichofumuka, ikawa kipimo ambacho brashi nyingine za kublendi zililinganishwa nacho. Njia ya pili ni ya mafunzo ya video. Nchini Uingereza madada wawili wa Norwich, Sam na Nic Chapman, waliojulikana kwa jina la Pixiwoo, walianzisha mwaka 2011 chapa ya Real Techniques, yenye brashi za nyuzi za viwandani kwa bei ya mtu wa kawaida. Shule ya kwanza ilifundisha kwamba nywele za mnyama ndizo bora. Ya pili ilionyesha kwamba kazi inafanyika bila hizo.

Kisha MAC yenyewe ikahamia kwenye nyuzi za viwandani, na ile 217 leo inauzwa ikiwa na nyuzi hizo, kwa alama ya 217S. Mtu anayesoma ushauri wa zamani kuhusu brashi hiyo, kisha akainunua leo, anashika kitu tofauti na kilichosifiwa. Hiyo ni sababu moja ya ubishi usioisha: watu wawili wanabishana juu ya jina moja huku kila mmoja ana brashi yake akilini.

Sababu nyingine ni lebo. Maandishi ya pakiti mara nyingi hutaja jina la kazi tu, brashi ya kublendi, bila kusema manyoya ni ya nini, marefu kiasi gani, wala kama yamekatwa kwa mkasi au yameachwa na ncha zake za asili. Sababu ya mwisho, na ndiyo nzito zaidi kwa msomaji wa Tottenham mwenye asili ya Mombasa, Bukavu, Kampala au Barawa, ni kwamba mafunzo mengi yaliyosambaa yalionyeshwa kwenye ngozi nyeupe. Kanuni zilizozaliwa kwenye ngozi hiyo zilipokelewa kana kwamba ni za macho yote.

Brashi inafanya kazi gani hasa

Kabla ya kuuliza manyoya ya nini, ni lazima kuuliza kazi gani. Brashi ya macho hufanya mambo matatu: kubeba poda kutoka kwenye paleti, kuiweka juu ya ngozi, na kuufifisha ukingo wake. Brashi moja haiwezi kufanya yote matatu kwa ubora uleule, na hilo ndilo jambo ambalo ubishi wa manyoya hulifunika.

Kinachoamua ni vitu vitatu. Kwanza ni msongamano. Manyoya yaliyosongamana hubeba poda nyingi na kuiweka nzito mahali pamoja, na yaliyo machache hubeba kidogo na kuitawanya. Pili ni urefu kutoka kwenye pete ya chuma hadi nchani. Manyoya marefu hupinda kirahisi, kwa hiyo nguvu ya mkono haifiki yote kwenye ngozi na rangi hulainika. Mafupi hayapindi, kwa hiyo kila msukumo unaonekana. Tatu ni umbo la kichwa. Kichwa cha kuba hufunika eneo pana, na kilichochongoka hufuata mkunjo wa ukope bila kupanda hadi kwenye nyusi.

Brashi ya kublendi ni ile yenye manyoya marefu kiasi, yasiyosongamana sana, na kichwa cha kuba au kilichochongoka. Kazi yake kubwa ni kupunguza rangi pembeni kuliko kuiongeza. Anayeelewa hivyo huacha kuilaumu brashi kwa kutoweka rangi ya kutosha, kwa sababu hiyo ni kazi ya brashi nyingine, bapa au fupi na iliyosongamana.

Hoja ya nywele za wanyama

Wanaotetea nywele za wanyama wana msingi wa kweli. Unywele wa asili umefunikwa na magamba madogo sana yanayolaliana, na poda hunasa humo kisha huachiliwa kidogo kidogo. Ndiyo maana brashi nzuri ya mbuzi huchukua aishedo kwa mguso mmoja na kuitandaza bila mabaka. Nywele za kindi ni laini zaidi lakini dhaifu, na hufaa kumalizia. Zile za kolinsky, mnyama jamii ya kicheche wa Siberia, zina mrejeo wa haraka na ncha kali, na hufaa kazi ndogo ndogo. Katika mji wa Kumano, mkoa wa Hiroshima nchini Japani, mafundi wa brashi hupanga nywele kwa mkono hadi kichwa kipate umbo lake, bila kukata ncha. Ncha isiyokatwa ni nyembamba kuliko shina lake, na wembamba huo ndio ulaini mtu anaousikia kwenye ukope.

Udhaifu nao ni wa kweli. Ubora wa nywele za asili hutofautiana mno. Neno “mbuzi” kwenye lebo halimwambii mnunuzi kama ni nywele laini zenye ncha zake au nywele ngumu zilizokatwa kwa mkasi zikabaki na ncha butu zinazochoma. Brashi ya mbuzi ya bei ya chini inaweza kuwa mbaya kuliko brashi yoyote ya plastiki iliyo jirani yake. Nywele za asili pia hunywa mafuta, kwa hiyo aishedo ya krimu au konsila huziharibu. Zinakauka polepole, hunyonyoka mapema zikioshwa vibaya, na zilizotiwa rangi huweza kuchuja wakati wa kuoshwa mara za mwanzo.

Hoja ya nyuzi za viwandani

Nyuzi za viwandani zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Nailoni ilipotangazwa na kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1938, bidhaa ya kwanza kuuzwa ilikuwa mswaki, ambao hadi wakati huo ulitengenezwa kwa manyoya magumu ya nguruwe. Brashi za vipodozi zilifuata, lakini nyuzi za mwanzo zilikuwa nene na teleze. Poda haikushika, na iliposhika ilianguka mashavuni. Sifa mbaya ya brashi za plastiki ilianzia hapo.

Mambo yamebadilika. Leo nyuzi za nailoni na za polyester huchongwa ncha kwa kemikali mpaka ziwe nyembamba kama za asili, na nyingine hutiwa mawimbi ili poda ipate pa kukaa. Nyuzi hizo hazinywi mafuta, kwa hiyo hufaa poda na krimu pia. Hukauka haraka, huvumilia kuoshwa mara kwa mara, na kiwanda kinaweza kutoa brashi elfu zenye ubora uleule. Kwa mpambaji anayepamba watu wengi Jumamosi moja ya harusi, sifa hiyo ya kuoshwa na kukauka upesi si jambo dogo.

Udhaifu wake ni huu. Nyuzi bora bado hubeba poda kidogo kuliko mbuzi bora, kwa hiyo mkono hurudi kwenye paleti mara nyingi zaidi. Nyuzi duni zina mrejeo mkali, na zikibonyezwa huruka na kutawanya poda hadi kwenye shavu. Joto huzipindisha, na zikishapinda hazirudi. Na zote ni plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, isiyooza.

Tohara, huruma na mazingira

Kwa wanunuzi wengi wanaozungumza Kiswahili na Kisomali huko Tottenham, swali la manyoya si la ulaini peke yake. Ni la dini. Waislamu wa mwambao na Wasomali kwa desturi hufuata madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo nywele za mzoga ni najisi, ilhali nywele zilizokatwa kwa mnyama anayeliwa angali hai ni tohara. Wahanafi, wakiwemo Waturuki wa madhehebu hayo wanaoishi Haringey, manispaa yenye Tottenham, huona nywele za mzoga ni tohara isipokuwa za nguruwe. Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kusimama mbele ya brashi ileile, mmoja akaiona haina tatizo na mwingine akasita, na wote wawili wana msingi katika fikihi.

Ugumu ni kwamba mnunuzi hawezi kujua mbuzi yule alikatwa manyoya akiwa hai, alichinjwa kisharia, au alikufa kibudu. Wapo wanaoshika kanuni kwamba asili ya vitu ni tohara hadi uthibitike unajisi. Wapo wanaochagua kuepuka shaka kabisa. Anayetaka hukumu na amuulize mwanachuoni anayemwamini. Kwa upande wa ununuzi tu, nyuzi za viwandani zinaondoa mzigo huo wote, na hiyo ni faida ambayo mafunzo ya video hayaitaji.

Hoja ya huruma inakwenda njia nyingine. Mbuzi kwa kawaida hufugwa kwa nyama na maziwa, na nywele zake ni ziada, lakini kindi na kolinsky huwindwa au hutegwa. Uingereza ilipitisha mwaka 2000 sheria ya kupiga marufuku ufugaji wa wanyama kwa ajili ya manyoya katika England na Wales, jambo linaloonyesha fikra za umma zilipoelekea, ingawa bidhaa za manyoya kutoka nje ziliendelea kuuzwa. Anayeguswa na hoja hii ana sababu nzuri ya kuachana na kindi na kolinsky, hata kama atazikubali nywele za mbuzi.

Hoja ya mazingira inavuta upande wa pili. Brashi ya plastiki inayotupwa kila baada ya miezi michache ni taka, na seti za bei ya chini huongeza taka hiyo. Lakini brashi moja nzuri, iwe ya mbuzi au ya plastiki, ikitunzwa hudumu miaka. Uharibifu mkubwa unatokana zaidi na wingi wa brashi zisizotumika kuliko aina ya manyoya.

Ngozi nyeusi na tatizo la mpauko

Hapa ndipo ushauri wa kawaida unapoangusha watu wetu. Aishedo nyingi, hasa zisizong'aa, zimejengwa juu ya unga mweupe: ulanga, udongo wa kaolini, na titani dioksidi. Kwenye ngozi nyeupe unga huo hauonekani. Kwenye ngozi nyeusi, rangi ikitandazwa nyembamba, kinachobaki machoni ni unga ule zaidi kuliko rangi yenyewe, na jicho linapauka, linakuwa kijivu kama goti lisilopakwa mafuta.

Sasa tazama kanuni maarufu ya video: chukua brashi kubwa iliyofumuka, weka rangi hafifu kwenye mkunjo, tandaza kwa duara hadi ipotee. Kwa ngozi nyeupe, kanuni hiyo inatoa kivuli laini. Kwa ngozi nyeusi, brashi kubwa yenye manyoya machache inaiweka rangi nyembamba mno tangu mwanzo, na kila duara la ziada huondoa rangi na kuacha unga. Mtu huongeza rangi, hutandaza tena, na mpauko huzidi. Brashi hulaumiwa, na mara nyingine ngozi hulaumiwa, wakati kosa liko katika mpangilio wa kazi.

Mpangilio unaofaa ni wa hatua mbili. Kwanza, rangi yenye nguvu ya kutosha iwekwe kwa brashi fupi na iliyosongamana kiasi, kwa kugonga taratibu na si kusugua, ndani ya mkunjo wa ukope. Pili, brashi ya kublendi iliyo safi, isiyo na rangi yoyote, ipite kwenye ukingo tu, si katikati. Katikati ikiachwa, rangi inabaki na nguvu yake. Ukingo ukipitiwa, unafifia kuelekea kwenye rangi ya ngozi.

Rangi ya mpito, yaani ile inayounganisha rangi kuu na ngozi, nayo isichaguliwe kwa kufuata video. Kwa ngozi nyeupe, rangi ya mpito ni kahawia hafifu. Kwa ngozi nyeusi, kahawia hiyo ni nyepesi kuliko ngozi yenyewe, kwa hiyo haifanyi kivuli, inapausha. Rangi ya matofali, ya mdalasini au ya chokoleti, iliyokolea kidogo kuliko ngozi, ndiyo inayofanya kazi hiyo. Si bahati kwamba waanzilishi wenye asili ya Afrika waliona pengo hili na kulijaza. Iman, mwanamitindo Msomali, alianzisha kampuni yake ya vipodozi vya ngozi nyeusi mwaka 1994, na Pat McGrath, mzaliwa wa Northampton mwenye mama Mjamaika, alijenga jina lake kwa rangi zenye nguvu kubwa kabla ya kuanzisha chapa yake mwaka 2015. Rangi bora hupunguza mzigo wa brashi. Brashi bora haiwezi kuiponya rangi iliyojaa unga.

Kuna sababu nyingine ya kuchunga. Ngozi ya ukope ni nyembamba kuliko sehemu nyingine zote za mwili, unene wake ni takribani nusu milimita. Ikisuguliwa kwa manyoya makali, huwasha na kuvimba, na kwenye ngozi nyeusi muwasho huacha weusi unaodumu kwa wiki au miezi. Anayejaribu brashi nyuma ya mkono wake na kusikia inachoma, hata kidogo, asiinunue kwa ajili ya macho, hata ikiwa na jina kubwa namna gani.

Ukubwa wa jicho, na mkono unaoishika

Brashi za kublendi nyingi ni kubwa kuliko macho yanayozihitaji. Kichwa kikiwa kipana kuliko nafasi iliyopo kati ya mkunjo na mfupa wa nyusi, rangi itapanda hadi chini ya nyusi na jicho litaonekana limevimba. Kipimo rahisi cha dukani ni kuiweka brashi, ikiwa bado ndani ya plastiki yake, karibu na jicho lililofumbwa mbele ya kioo. Ikijaza nafasi yote, ni kubwa. Inapaswa kuacha nafasi juu yake.

Wenye ukope ulioshuka, ambao mkunjo wao haujitokezi jicho likiwa wazi, wanahitaji brashi ndogo zaidi na iliyochongoka, na waweke rangi juu kidogo ya mkunjo, macho yakiwa wazi, ili isimezwe. Wenye macho makubwa na mfupa ulio juu wanaweza kutumia kuba pana bila shida. Hakuna brashi inayofaa kila jicho, na hilo linadhoofisha ahadi ya kila seti.

Mkono nao una sehemu yake, na hapa yule wa tatu katika ubishi ana haki. Brashi ishikwe mbali, karibu na mwisho wa mpini, ili uzito wa kidole usiingie kwenye ukope. Mwendo uwe wa kufagia huku na huko kama kifuta kioo cha gari, kisha duara ndogo sana kwenye ukingo. Kabla ya kugusa jicho, brashi igongwe ukingoni mwa paleti ili poda ya ziada ianguke huko badala ya kuanguka shavuni. Lakini hoja ya mkono ina mipaka. Mkono mwepesi hauwezi kuifanya brashi ngumu kuwa laini, wala kuipunguza brashi iliyo kubwa. Ujuzi unafidia brashi ya wastani. Brashi mbaya inamshinda hata mjuzi.

Seti au moja moja

Hoja ya seti inavutia kwa hesabu: brashi nyingi kwa bei ya moja. Nguvu yake ni kwamba anayeanza hupata nafasi ya kujaribu maumbo mbalimbali bila kujua majina yake. Udhaifu wake ni kwamba kiwanda kinachouza brashi kumi na mbili kwa bei ndogo kinapunguza gharama mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye gundi ya pete na kwenye ncha za manyoya. Matokeo ni brashi zinazonyonyoka poda ikiwa bado ndani yake. Katika seti hizo pia, zile za kublendi huwa chache. Nyingine ni za nyusi, midomo na mashavu, na nyingi hukaa kwenye mkoba bila kuguswa.

Kwa bei ileile, brashi tatu zilizochaguliwa moja moja hufanya kazi zaidi: moja fupi na iliyosongamana ya kuweka rangi, moja ya kublendi ya ukubwa wa jicho lako, na ya pili ya kublendi inayobaki safi siku zote kwa ajili ya kufifisha. Ile ya tatu ndiyo watu wengi hawana, na ndiyo inayoleta tofauti kubwa. Brashi iliyobeba rangi ya kahawia haiwezi kufifisha ukingo wa dhahabu bila kuuchafua.

Mnunuzi ana vipimo vichache vya bure dukani. Avute manyoya kidogo kwa vidole. Yakitoka zaidi ya mawili matatu, airudishe. Atikise mpini. Pete ikicheza, gundi haitadumu. Aibonyeze nyuma ya mkono, kisha aiachie. Manyoya yanapaswa kurudi polepole kwenye umbo lake, yasiruke kama chemchemi wala yasibaki yamelala.

Usafi, na maji ya London

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham, walichunguza vipodozi vilivyokuwa vikitumiwa nchini Uingereza na kukuta vijidudu katika idadi kubwa yake. Sifongo za kupakia ndizo zilizokuwa na hali mbaya zaidi, na asilimia 93 ya sifongo hizo hazikuwahi kuoshwa. Utafiti huo haukuhusu brashi za macho, lakini funzo lake ni lilelile. Kifaa kinachogusa ngozi, mafuta na unyevu, kisha kikawekwa mkobani, ni makao ya bakteria, na jicho ni kiungo kisichovumilia uzembe. Kwa matumizi ya nyumbani, kuosha mara moja kwa wiki kunatosha. Mpambaji wa watu wengi anapaswa kusafisha kwa spiriti ya asilimia 70 kati ya mtu na mtu, na kutokubali kamwe brashi ya mwenye jicho jekundu iguse jicho jingine.

Maji ya London yana jambo lake. Ni maji magumu, yenye chokaa nyingi, ile inayoganda kwenye birika. Sabuni ya kipande, hata ile nzuri ya mzeituni, ikikutana na chokaa hufanya utando mweupe usioyeyuka, na utando huo hubaki kwenye manyoya. Brashi iliyoletwa kutoka nyumbani ikiwa laini huanza kuwa ngumu na ya kijivu baada ya miezi michache Tottenham, na mwenyewe hudhani imezeeka. Shampuu ya kimiminika haifanyi utando huo, kwa hiyo ndiyo inayofaa zaidi huku, na brashi iliyokwisha kuwa ngumu huweza kulainika tena ikisuuzwa kwa maji yenye siki kidogo. Wenye maji ya kisima cha chumvi huko Dar es Salaam au Mombasa wanakutana na tatizo la jamii hiyo hiyo, na dawa yao ni maji ya mvua kwa suuzo la mwisho.

Kukausha pia kuna kanuni. Wakati wa baridi watu huweka brashi juu ya redieta ili zikauke haraka. Joto hilo hulegeza gundi na kupindisha nyuzi za plastiki. Brashi ilazwe kwenye taulo, kichwa kikitokeza ukingoni mwa meza, au itundikwe kichwa chini. Isisimamishwe ikiwa imelowa, kwa sababu maji huteremka ndani ya pete na kuozesha gundi na mpini wa mti.

Kuzipima hoja

Zikiwekwa pamoja, hoja hizi zina uzito usio sawa. Ubishi wa manyoya, unaochukua maneno mengi zaidi, ndio wenye uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Tofauti kati ya mbuzi bora na nyuzi bora ipo, lakini ni ndogo kuliko tofauti kati ya brashi ya ukubwa unaofaa na ile iliyozidi, au kati ya brashi safi na iliyojaa chokaa. Kwa anayetumia poda tupu, ana dhamiri tulivu kuhusu nywele za mbuzi, na yuko tayari kuzitunza, mbuzi wa ubora wa juu ni chaguo halali na zuri. Kwa wengine wote, yaani wanaotumia krimu, wanaoosha mara kwa mara, wanaojali tohara au wanyama, na wenye bajeti ndogo, nyuzi za viwandani za leo zinatosha kabisa.

Hoja ya mkono ni kweli, lakini ije baada ya kifaa kinachofaa, isitumike kuhalalisha kifaa kibaya. Hoja ya seti ni dhaifu kuliko zote kwa mtu mwenye pauni chache, kwa sababu inampa wingi pale alipohitaji ubora wa vitu vitatu. Na suala ambalo halikutajwa na hata mmoja wa wale wanne, yaani namna brashi kubwa iliyofumuka inavyopausha ngozi nyeusi, ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote kwa wanawake wetu. Inauma kuona mtu akijiona hapendezi mbele ya kioo kwa sababu ya kanuni ambayo haikutungwa kwa ajili ya uso wake.

Muhtasari

Chagua kwa utaratibu huu. Kwanza ukubwa: brashi iwe ndogo kuliko nafasi kati ya mkunjo na nyusi. Pili msongamano na urefu: fupi na nzito ya kuweka, ndefu na nyepesi ya kufifisha. Tatu ulaini: ichomayo nyuma ya mkono haifai ukope. Nne manyoya: kwa dini yako, dhamiri yako na aina ya rangi unayotumia. Mwisho bei, na bei isivuke umuhimu wa hayo manne.

Tumia kwa utaratibu huu: rangi iliyokolea kuliko ngozi, iwekwe kwa kugonga, kisha ukingo ufifishwe kwa brashi safi, mkono ukiwa mbali na mwepesi, katikati pakiachwa. Osha kwa shampuu kila wiki, kausha ukiwa umeilaza, epuka redieta. Anayefuata haya kwa brashi tatu za bei ya wastani atapata jicho laini lisilopauka, na pesa atakayookoa aitumie kununua aishedo yenye rangi ya kweli, kwa kuwa hapo ndipo gharama ya ziada inapoonekana usoni.